Damu ni Kidogo, Lakini Masaa ni Yale Yale

Ilikuwa Alhamisi, siku ya nne ya hedhi, damu imebaki ile ya kahawia ya kupaka tu, na nilikuwa na haraka. Mimi hutoka Kayole saa kumi na mbili asubuhi juu saa mbili lazima stoli iwe imefunguliwa, niko kwa eksibishen hapa tao Nairobi, orofa ya tatu, nauza madera na nguo za ofisi za kina mama, na jioni iliyotangulia binti ya shangazi yangu alikuwa ameniletea boksi mbili za tamponi, ile pamba yenye uzi ya kuweka ndani ya uke inyonye damu, zenye alirudi nazo kutoka Uingereza. Aliniambia, "Jaribu hizi, utasahau hata kama uko mwezini." Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa pedi. Nikapitisha macho kwa ile karatasi ya ndani, nikaweka moja, nikavaa, nikatoka mbio kutafuta matatu.

Na nikasahau kweli. Si kwamba sikujua iko ndani, nilijua. Kila nikienda kukojoa nilikuwa naona kale kauzi, naona hakana hata doa, alafu najiambia damu si ni kidogo, hii bado haijajaa, ya nini kutupa kitu ya pesa ikiwa bado nzuri. Choo yetu iko mwisho wa korido, ufunguo unakaa kwa mama mwenye anauza chai, maji iko kwa drum ya bluu na kikopo cha margarini kimefungwa kwa waya, na siku hiyo drum ilikuwa imebaki maji ya kufunika kisigino. Kubadilisha hapo na mikono sijanawa vizuri, nikaona heri ningoje nyumbani. Jioni jam ikatushika Jogoo Road, mvua imenyesha, nikafika kwa ploti saa tatu usiku. Hesabu mwenyewe. Masaa kumi na tano.

Kutoa ndio ilikuwa kazi. Nilichuchumaa bafuni nikavuta uzi polepole, haisongi. Nikavuta tena nikasikia ni kama imeshikana na nyama, ile hisia ya kubandua plasta kavu kwa kidonda, ikawa inakuja kidogo kidogo inakwaruza njia yote. Ilipotoka niliishika na tishu nikaiangalia kwa tochi ya simu. Ilikuwa nyeupe. Karibu yote nyeupe, imefura kidogo, imekauka kau, na alama moja ya kahawia upande mmoja isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na nyuzi mbili tatu za pamba zimechomoka zinaning'inia. Nilipokojoa baadaye ilichoma mpaka nikashika ukuta.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilirudi kwa ile karatasi ya boksi, saa hii nikaisoma neno kwa neno, na kila mahali imeandikwa masaa manane, usizidishe masaa manane, alafu hizo herufi tatu, TSS, jina la ugonjwa, na orodha ya dalili zenye zinaishia na kifo. Asubuhi sikuenda kazi. Nilienda kliniki ndogo karibu na steji, nikaketi kwa benchi na kina mama wa watoto wachanga, na zamu yangu ilipofika nikamwambia sista yote bila kuficha, juu nilikuwa nimechoka kuogopa pekee yangu.

"Uliweka saa ngapi, mami?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Ukatoa?"

"Saa tatu usiku."

Akaweka kalamu chini. "Na damu ilikuwa inatoka sana?"

"Hapana sista, ilikuwa inaisha. Ndio maana nilidhani haina shida."

"Hapo ndipo wengi wenu mnakosea. Mnahesabu damu. Hesabu masaa."

Alinipima joto, akanipima presha, akauliza kama nimetapika, kama naendesha, kama nimeota upele, kama nikisimama kichwa kinazunguka. Hakuna. Akaniambia huko ndani kumechubuka kidogo, kutapona kwenyewe kwa siku chache, nikae na pedi, nisiweke kitu chochote ndani mpaka kupone, na nikisikia joto limepanda ghafla nisingoje asubuhi, nikimbie hospitali saa hiyo hiyo. Dakika kumi hivi, na katika hizo dakika nilijifunza kuhusu mwili wangu kuliko miaka yangu yote ya shule.

Kitu chenye sista alinifungua macho nacho ni hiki. Sisi tumezoea pedi, na pedi unaibadilisha ukiiona imejaa, ama ikianza kunuka, ama ikikukosesha raha. Kwa hivyo akili imeshajua kwamba damu ndio saa. Damu nyingi, badilisha mara nyingi, damu kidogo, kaa nayo. Na hiyo akili tunaibeba vile ilivyo tunaipeleka kwa tamponi, lakini tamponi iko ndani ya mwili, na huko ndani saa inaendelea kutembea hata kama hakuna tone limetoka. Siku za damu nyingi mwili wenyewe unakusukuma, tamponi ikijaa itavuja utaibadilisha utake usitake. Siku za damu kidogo hakuna kitu kitakusukuma. Ndio maana naogopa siku ya nne kuliko siku ya pili.

Pia kuna mambo ya ukubwa, na hapa nilikuwa nimekosea mara ya pili bila kujua. Boksi zenye nililetewa zilikuwa super. Mimi nilidhani super ni kama kusema nzuri sana. Kumbe ni kipimo. Boksi nyingi za tamponi huchorwa vitone pembeni, na hivyo vitone si urembo, vinakwambia hiyo pamba inaweza kunyonya gramu ngapi. Kitone kimoja ni chini ya gramu 6, viwili ni 6 mpaka 9, vitatu, kama zile zangu za super, ni 9 mpaka 12, vinne ni 12 mpaka 15. Sasa weka hiyo kando ya damu yenyewe. Mwanamke wa kawaida hedhi yake yote, kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hutoa kama mililita 30 mpaka 40, yaani vijiko viwili vitatu vya mezani, na ikipita 80 ndio daktari anasema hiyo ni nyingi kupita kiasi. Kumbuka hizo ni za siku zote zikijumlishwa. Kwa hivyo siku ya nne, ile ya kupaka tu, kutwa nzima pengine hujatoa hata kijiko kimoja cha chai. Na mimi nimeweka kitu chenye kinaweza kunywa kama vijiko viwili vya chai.

Hiyo pamba itafanya nini na kiu yote hiyo? Itakunywa wewe. Uke una unyevu wake, na huo unyevu ndio kinga ya ile ngozi laini ya ndani, na pamba haichagui, haijui hii ni damu na hii ni unyevu wa mwili, inanyonya chenye iko nacho karibu. Ngozi inakauka, pamba inashikana nayo, ukivuta unakwaruza, na mkwaruzo ni mlango wa bakteria. Kwa hivyo ile sheria ya karatasi ya boksi, ya kutumia ukubwa mdogo kabisa wenye unakutosha si ya kuuza tamponi nyingi kama nilivyokuwa nadhani. Kuna kipimo rahisi sana: kama unaweza kukaa na tamponi masaa manane na ukiitoa bado ina sehemu kubwa nyeupe na inavutika kwa shida, hiyo ni kubwa kwako siku hiyo, shuka chini. Na kama uko tayari na ile ya kitone kimoja na bado inatoka kavu, basi siku ya tamponi imeisha, rudi kwa pedi nyembamba ama pantilaina.

Hizo herufi tatu sasa, TSS. Ni ugonjwa wa mshtuko wa sumu, na watu wengi huelezwa vibaya wakadhani ni uchafu wa damu ndio unaleta. Kuna bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, anaishi kwa ngozi na puani kwa watu wengi wazima kabisa, na kwa wanawake wengine anaishi pia kwa uke bila kuleta shida yoyote. Akipata mahali pazuri pa kuongezeka, pamba iko ndani, kuna joto, hewa imeingia na hiyo pamba, masaa yanaenda, basi aina fulani ya huyo bakteria huanza kutoa sumu, na sumu ikiingia kwa damu mwili wote unashtuka, presha inaanguka, figo na ini zinaanza kushindwa. Watu wazima wengi tayari wana kingamwili ya hiyo sumu. Wasichana wadogo ndio wengi bado hawajaipata, kwa hivyo tukiongea na mtoto wa miaka kumi na nne kuhusu tamponi tusimfiche hii.

Ni nadra. Nataka niseme hivyo wazi wazi, juu sipendi kutisha watu. Lakini si hadithi. Mwaka 1980 kule Marekani ziliripotiwa kesi zaidi ya 800 za TSS ya wakati wa hedhi, na wanawake 38 wakafa. Wakati huo kulikuwa na tamponi inaitwa Rely, ya kampuni ya Procter & Gamble, imetengenezwa na vitu vya kunyonya kupita pamba ya kawaida, watu wakaipenda juu inakaa muda mrefu, na Septemba ya mwaka huo ikaondolewa sokoni. Tamponi za kunyonya kupita kiasi zikapungua madukani, wanawake wakaanza kuambiwa ukweli kuhusu masaa, na kufikia 1989 kesi za hedhi zilikuwa 45. Hizo lebo za ukubwa wenye ni sawa kwa kila kampuni zilianza huko wakati huo huo. Mimi nikisoma hiyo naona kitu kimoja: ile sifa ya "inakaa muda mrefu" ndiyo sifa yenye binti ya shangazi yangu alinipatia nayo zile boksi, na alinipatia kwa upendo tu. Tena kuna Lauren Wasser, mwanamitindo wa Marekani, alishikwa na huo ugonjwa 2012 akiwa na miaka 24, akapoteza mguu mmoja, na 2018 akakatwa wa pili. Anaongea hadharani tangu hapo, na kila mara nikiona picha yake nakumbuka ile benchi ya kliniki.

Dalili basi, na hizi naomba uzishike kichwani hata kama hautumii tamponi, juu unaweza kuwa na dada ama rafiki mwenye anatumia. Joto linapanda ghafla, 39 hivi na zaidi. Kutapika, kuendesha. Mwili unauma kama umepigwa. Upele mwekundu bapa, ngozi ni kama imechomwa na jua, na kwa ngozi yetu nyeusi wekundu unaweza usionekane vizuri kwa hivyo usingoje kuuona. Kizunguzungu ukisimama, kuzimia, kuchanganyikiwa. Baada ya wiki moja ama mbili ngozi ya viganja na nyayo inabambuka. Shida yetu Nairobi ni kwamba mtu akiwa na joto na anatapika, kitu cha kwanza ni malaria ama taifodi ama nilikula nini jana, anaenda kemisti ananunua dawa analala. Ukiwa na tamponi ndani, ama uliitoa juzi, na hizo dalili zikuje, toa hiyo kitu, nenda hospitali, na sentensi ya kwanza kumwambia daktari iwe "nilikuwa nimeweka tamponi". Usione haya. Hataweza kukisia.

Sasa vile mimi hufanya siku hizi. Kwanza asilimia kubwa ya siku za damu kidogo situmii tamponi kabisa, navaa pantilaina maisha yanaendelea. Natumia tu kama kuna sababu, mfano dada yangu mdogo amenipeleka kuogelea, ama nimevaa ile nguo nyeupe ya kwaya na damu bado inatiririka kidogo. Kama ni madoa tu, hapana. Na hapa naongea na wenzangu wenye wako na kijiti cha mkono ama ile sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, juu hizo huleta madoa ya hapa na pale wiki nzima ama mwezi, nimesikia watu wakisema wanaweka tamponi kila siku wasichafue nguo. Usifanye hivyo. Tamponi ni ya hedhi yenye inatiririka, si ya madoa, si ya ute, si ya kungojea hedhi yenye haijafika. Na si ya damu ya baada ya kuzaa ama mimba ikitoka, hiyo ni pedi mpaka daktari aseme. Mwenye amewahi kuugua TSS yeye asiguse tamponi tena.

Kuweka: nanawa mikono na maji na sabuni kabla. Kabla, si baada tu. Hii ndio ilinichukua muda kuelewa, sisi hunawa tukitoka choo, tukiingia hatunawi. Naangalia karatasi yake haijapasuka, juu nilikuwa na tabia ya kuzitupa chini ya mkoba pamoja na sarafu na funguo, na ikishapasuka hiyo ni ya kutupa. Navuta uzi kidogo nione umeshika. Alafu nachuchumaa, ama naweka mguu mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, napumua nje, na nikisukuma sisukumi kwenda juu kama watu wanavyodhani, nasukuma kwenda nyuma, upande wa kiuno. Hilo ndilo lilikuwa kosa la wengi wenye husema inauma. Njia yenyewe imelala. Ikifika mahali pake huisikii kabisa, ukiisikia ukitembea iko karibu sana na mlango, itoe uweke nyingine. Na kama inagoma, kumekauka, inauma, mwili unakwambia leo hapana. Usiilazimishe.

Hapo hapo, kabla sijatoka bafuni, naweka alamu kwa simu. Masaa manne, tena siku ya damu kidogo ndio siwezi kuruka hiyo alamu. Sheria ni kati ya manne na manane, mimi nimechagua kukaa karibu na manne hadi sita juu naujua mji huu, ukipanga masaa manane jam inaweza kukuongezea mawili bila kukuuliza. Na usiku nalala na pedi. Mtu akilala saa tatu akaamka saa kumi na moja, hayo tayari ni manane, na Jumamosi nani anaamka saa kumi na moja.

Mambo ya maji. Mwenye anaishi upande wetu anajua, mfereji unafunguliwa siku mbili kwa wiki ukiwa na bahati, zingine ni mtungi, na mtungi unapimiwa. Nilianza kubeba chupa ya nusu lita ya maji na kipande cha sabuni kwa kijisanduku, zinakaa chini ya meza ya stoli, hakuna mtu anajua ni za nini. Nusu lita inatosha kunawa kabla na baada. Sanitaiza inasaidia pale hakuna njia nyingine lakini ikauke kabisa kwanza, vidole vikiwa bado na hiyo spiriti vikigusa huko ndani utaruka. Iliyotumika naifunga na tishu naiweka kwa karatasi, naenda nayo mpaka kwa pipa. Sitii kwa choo. Choo cha orofa ya tatu kikiziba ni mama wa chai na mtu wa usafi watakiingiza mkono, na hao ni wazazi wetu.

Mama yangu alipata boksi kwa kabati. Hii sehemu niliogopa kuiandika. Hakuniuliza kitu siku mbili, alafu Jumapili tukichambua mboga akasema tu, "Na hizo vitu si zinaharibu msichana?" Hakuwa ananiuliza kunihusu mimi, mimi ni mtu mzima nina mtoto. Alikuwa anauliza kuhusu dada yangu mdogo mwenye bado yuko nyumbani. Nikamwambia, "Mama, damu si hutoka? Ikiwa hutoka basi kuna njia tayari." Alinyamaza, akaendelea na managu. Kizinda si kifuniko cha soda, ni ngozi laini yenye ina uwazi tangu kuzaliwa, inatofautiana kwa kila msichana, inaweza kunyooka kwa michezo, kwa baiskeli, kwa tamponi, na inaweza isibadilike kabisa. Haiwezi kumwambia mtu yeyote kama msichana amelala na mwanaume. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko kwamba vipimo vya ubikira havina msingi wa kisayansi na vikomeshwe. Nilimwambia Mama hivyo pia, kwa Kikwetu, na ilikuwa ngumu kupata maneno. Baadaye akasema, "Sisi tulikuwa tunatumia vitambaa, hakuna mtu alituambia kitu." Sikujua nimjibu nini. Nilimsaidia kuosha sufuria.

Kusema ukweli hata sisi hatukuambiwa mengi. Nchi hii iliondoa ushuru kwa sodo mwaka 2004, na 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, na hayo ni mambo makubwa, nayaheshimu. Lakini kitu chenye unaweka ndani ya mwili hakuna mwalimu alikitaja, na nikikumbuka Februari 2023 vile Gloria Orwoba, seneta wakati huo, alitolewa nje ya bunge juu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa, naelewa kwa nini msichana wa eksibishen atakaa na pamba moja masaa kumi na tano akiogopa kuomba ufunguo wa choo.

Nimebakisha mbili za haraka. Tamponi haiwezi kupotea tumboni. Juu kabisa kuna shingo ya kizazi, na tundu lake ni dogo sana, tamponi haipiti. Lakini inaweza kusahaulika, na siku za damu kidogo ndio husahaulika, ile ya mwisho ya mwezi, mtu anaona damu imeisha anaendelea na maisha. Jirani yangu mmoja alinunua dawa za infekshen mara mbili kwa kemisti, harufu haiishi, na uchafu unatoka wa rangi ya kijivu, kumbe ilikuwa imekaa huko siku tisa, uzi umejikunja ndani. Ilitolewa kliniki kwa dakika moja. Ukinawa vidole ukachuchumaa ukasukuma kama unaenda haja kubwa, mara nyingi utaufikia uzi mwenyewe, ikikataa nenda utolewe, wameona mengi, na usikwangue na kitu chochote. Ya pili, kama hedhi yako ilikuwa ya kawaida na mwezi huu imekuja kidogo tu bila sababu, pima mimba kabla ya kufurahi. Na ikija na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, hiyo inaweza kuwa mimba ya nje ya kizazi, ni hospitali mara moja.

Zile boksi za super nilimrudishia binti ya shangazi, damu yake yeye ni nyingi, zinamfaa. Nilimwambia yaliyonipata na akashtuka, akaniambia hata yeye hulala nazo mpaka asubuhi. Tulikaa kwa sofa yake tukasoma ile karatasi pamoja, sauti juu, kama watoto wa darasa la pili.

Jumamosi iliyopita dada yangu mdogo alikuwa na siku yake ya kuogelea Kasarani na wenzake wa chuo, siku ya tatu, damu bado iko kidogo. Nilimpa moja ya kitone kimoja na pedi mbili na ile chupa ya maji. Nikiwa kwa stoli nikamuuliza kwa simu ameweka saa ngapi, akasema saa nne. Saa nane kamili nilikuwa napimia mteja dera, mkono mmoja uko kwa simu. Saa nane na dakika sita ikaingia meseji: "Nimetoa. Ilikuwa imeanza kukauka. Nimevaa pedi."